Manyoya ya tai pale Midleton

Leo jirani yangu, mama mtu mzima wa hapa Ayalandi, amenipeleka mjini Midleton kuona ile sanamu ya manyoya 9 ya chuma cha pua, marefu kama minazi.

Mwaka 1847 Waayalandi wakifa kwa njaa, Wachoctaw, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, ambao wenyewe walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao, walichanga pesa wakawatumia. Manyoya haya ni shukrani kwao.

Korona ilipowakumba Wanavajo na Wahopi, makabila mengine ya wenyeji asilia wa Marekani, mwaka 2020, na nyumba nyingi huko hazina hata maji ya bomba ya kunawa mikono, Waayalandi wakawachangia kwa kukumbuka wema ule wa Wachoctaw.

Lakini Wachoctaw ni watu wengine kabisa, jamani!

Nikamuuliza jirani, mbona mkawachangia hao?

Akanishangaa. "Kwani hawakuwa na shida?"

Naye alituma.

Machozi yamenitoka palepale.

Kwenu, nani aliwahi kuwachangia mkiwa hoi? Niambieni.