Nilivyofanikiwa kuifanya rangi iachie kemikali kwa mwanga

Habari zenu wadau, naandika hii kwa yeyote anayesoma masters ya kemia na projekti inamgomea, maana yangu ilinigomea wiki sita hapa Dodoma nikakaribia kuomba kubadilisha topiki.

Kuna molekuli za rangi zinaitwa kumarini, ukizimulika zinang'aa bluu, na baadhi yake zimetumika miaka mingi kuifanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi. Sasa ukiifunga kemikali kwenye molekuli kama hiyo inatulia tu, haifanyi kazi yoyote, mpaka mwanga uipige ndo bondi inakatika na kemikali inatoka. Wazo lenyewe ni la zamani, mwaka 1978 Kaplan na wenzake waliifunga ATP, ile kemikali inayobeba nishati kwenye seli, kwa molekuli nyingine wakaja kuiachia kwa mwanga wa ultravioleti. Mimi nilifunga asidi ya asetiki, hii hii ya kwenye siki, kwa sababu ni rahisi na haina hatari.

Taa ya maabara ilikuwa imeungua, nikaenda kwa dada mmoja wakala wa miamala huku Ng'hong'onha ninakopanga, nikamwomba tochi yake ya kukagulia noti, mwanga wake ni wa zambarau, unakaribia nanomita 395 na rangi yangu inaumeza vizuri mwanga wa hapo. Alinipa bila maswali mengi, alisema tu kaka usiniharibie.

Nikayeyusha rangi yangu iliyofungwa asidi kwenye asetonitraili, kimiminika cha kuyeyushia, niliyoitoa maji yote, nikamulika saa mbili, nikapima kwenye sahani ya TLC, yenye silika juu yake, ambapo kila kemikali inapanda na kuacha doa lake. Doa moja, yaani hakuna kilichoachia. Nikarudia kesho yake, doa moja. Nikaongeza muda, nikasogeza tochi karibu, wiki ya pili, ya tatu, doa lile lile moja linaniangalia. Usiku nalala nawaza labda bondi yenyewe sikuifunga sawasawa.

Supavaiza wangu ni mama mtulivu sana, akaangalia daftari langu kurasa zote halafu akaniuliza swali moja, "Mwanangu, asidi ikishatoka, nani anaipokea rangi iliyobaki?" Nikakosa jibu. Kumbe mwanga ukikata ile bondi, asidi inaondoka na chaji hasi na rangi inabaki na chaji chanya, ziko karibu karibu, na kama hakuna maji ya kuidaka rangi hapo hapo, vinarudiana kama havijaachana. Mimi kwa kupenda usafi nilikuwa nimeyafukuza maji yote, yaani nilikuwa naizuia kazi yangu mwenyewe.

Nikaweka maji, nusu kwa nusu. Dakika kumi tu chini ya tochi, likatokea doa la pili, chini ya lile la kwanza, maana rangi ikipokea maji inakuwa na OH na inang'ang'ania silika zaidi kwa hiyo haipandi juu sana. Nilisimama na ile sahani mkononi muda mrefu.

Haikuishia hapo lakini. Chupa niliyoacha mezani bila kuimulika, ya kulinganishia (kontroli), nayo ikatoa madoa mawili! Dirisha lilikuwa wazi, na jua la hapa mwezi wa kumi mnalijua. Nikanunua foili wanayofungia chipsi, nikafunga kila chupa, na ilipokuja hoja kwamba labda ni joto la chumba, nikaweka tyubu mbili kwenye bakuli moja la maji chini ya tochi moja, moja ina foili nyingine haina. Ya foili ikabaki doa moja, ya wazi mawili. Hapo hoja ya joto ikafa, na nakushauri fanya jaribio hili siku ya kwanza, usisubiri kuulizwa.

Mama yangu mdogo anaumwa kansa ya shingo, ndo maana sikuiacha topiki hii. Dawa zake zinazunguka mwili mzima, na mtu unawaza ingekuwaje kama ingeachia pale pale penye uvimbe tu. Kwa mwanga wangu haiwezekani, haupiti ngozi. Weka tochi ya simu nyuma ya vidole vyako gizani uone, kinachotokea upande wa pili ni wekundu tu. Ndo maana Japani walivyoidhinisha mwaka 2020 tiba ya kansa za kichwa na shingo, walitumia rangi ya IR700 na mwanga mwekundu wa nanomita 690, ukiipiga inaachia vipande vyake vinavyopenda maji, kisha ngozi ya seli ya kansa inapasuka. Mwanga mwekundu una nishati ndogo kuliko wangu, ndo ugumu ulipo, na ndo ninakotaka kwenda.

Jana nimerudisha tochi. Dada wakala akataka kuona nilichokuwa nafanya, nikamtolea sahani, akaimulika mwenyewe chini ya kaunta, madoa mawili ya bluu yakawaka.

"Kwa hiyo hili la chini ndo limeachia?"

"Ndo hilo, dada."