Kwaresima ya Köln: Nubbel, majivu na kisanduku cha karatasi

Mjini Köln, Ujerumani, dhambi zina mwenyewe, na jina lake ni Nubbel. Ni mwanasesere wa ukubwa wa mtu, amejazwa majani makavu na kuvishwa nguo kuukuu. Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, ikishuka mitaani siku ya Alhamisi, anatundikwa juu ya mlango wa baa, na anakaa hapo akitazama watu wanavyokunywa na kuimba hadi Jumanne usiku. Usiku huo anashushwa. Watu wanamzunguka na mishumaa, wanaangua kilio cha uongo, na mmoja aliyejivika kama padri anamsomea mashtaka kwa lahaja ya mji. Nani amemaliza mshahara wetu? Nani amewatia watu wazima tamaa za ujana? Umati unajibu kwa sauti moja: Nubbel! Kisha wanamtia moto, na kulipokucha ni Jumatano ya Majivu.

Nilicheka nilipoona hayo, na bado nacheka. Lakini tuseme ukweli, sijaona ibada ya toba inayokusanya watu wengi hapa kuliko hiyo. Kila mtu pale anajua kwamba aliyelewa siye mwanasesere. Anayeungua ni wa majani, ila orodha ya makosa ni ya watu wenyewe, na wanaisikia ikisomwa hadharani, barabarani, majirani wakiwa kando.

Asubuhi yake kanisani tunakuwa wachache. Paroko anachukua majivu ya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, anatupaka pajini, anasema yale maneno tunayoyajua kuhusu mavumbi, na watu wanarudi kazini. Wapo wanaojifuta paji la uso kabla hata ya kufika kituo cha tramu. Siwalaumu sana. Huku dini ni jambo la ndani ya koti.

Kwaresima ya Wajerumani, hata hivyo, sikujifunzia kanisani. Nimejifunzia kazini, kwenye nyumba ya wazee.

Sheria ya Kanisa Katoliki ni ileile ulimwenguni kote. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga na kuacha nyama. Kufunga ni mlo mmoja wa kushiba, na unaweza kuongeza vitu vidogo viwili ambavyo hata ukivijumlisha havifikii mlo kamili. Wanaobanwa ni wenye miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Kuacha nyama kunaanza ukiwa na miaka 14 na hakuna umri wa kustaafu, ila mgonjwa husamehewa. Kwa hiyo wazee wangu wote, kwa upande wa kufunga, wako huru kabisa. Na ndio wanaofunga.

Kuna bibi mmoja aliyevuka miaka tisini. Daktari anataka ale vizuri kwa sababu ya dawa. Siku ya majivu jikoni wanapika samaki na viazi, kama kawaida ya huku. Bibi anakata samaki katikati kwa uma, taratibu, anakula upande mmoja na kiazi kimoja, halafu anafunika kilichobaki kwa kitambaa cha karatasi na kubana pembe zake chini ya sahani, kama vile anamfunika mtoto asipigwe na baridi. Nilimwambia, Bibi, sheria ilikuachia miaka thelathini iliyopita. Akanijibu kwamba sheria imewekwa kwa ajili ya vijana wanaosahau.

Yeye hajasahau. Alikuwa mtoto wakati wa baridi kali ya 1946 kuingia 1947, Köln ikiwa kifusi baada ya vita. Treni za makaa zilipopunguza mwendo watoto walipanda na kutupa makaa chini, mama zao wakiokota. Mfungo ule, anasema, haukuwa na kalenda wala Pasaka mbele yake.

Hapo ndipo anapomtaja Frings, na kila mzee wa Köln atakutajia huyo. Tarehe 31 Desemba 1946, katika kanisa la Mtakatifu Engelbert mtaani Riehl, Kardinali Josef Frings, Askofu Mkuu wa mji, alihubiri kwamba katika dhiki ile mtu anaweza kuchukua kinachohitajika kulinda uhai na afya yake, kama hawezi kukipata kwa kazi wala kwa kuomba. Mji mzima ukashangilia, na jina lake likageuka kitenzi cha kuiba makaa. Lakini mahubiri hayakuishia hapo. Alisema pia kwamba wengi wamevuka mpaka huo, na njia ni moja tu: kurudisha mali isiyo halali mara moja, la sivyo hakuna msamaha kwa Mungu. Sehemu hii haikupata kitenzi.

Frings huyohuyo, mwezi Agosti 1958, alisimama mbele ya maaskofu wenzake mjini Fulda na kupendekeza kazi ya kupambana na njaa na maradhi ulimwenguni, itakayoendeshwa kwa kile ambacho Wakatoliki wa Ujerumani watajinyima wakati wa Kwaresima. Hiyo ndiyo Misereor, yenye makao yake Aachen. Mkusanyo wa kwanza ulifanyika Kwaresima ya 1959. Na alitaka zaidi ya fedha. Alisema wenye nguvu wa dunia nao lazima waambiwe ukweli, dhamiri zao ziguswe. Watu waliokuwa wakiokota makaa relini, miaka kumi na miwili baadaye wanafunga ili mwingine ale. Mimi hilo linanigusa kuliko mahubiri mengi.

Sadaka hiyo hutolewa Dominika ya tano ya Kwaresima. Kabla ya hapo, watoto wanapewa kisanduku cha karatasi cha kukunja wenyewe, chenye tundu juu, wakiweke mezani nyumbani na kutumbukiza senti za peremende ambazo hawakununua. Parokia nyingi hutundika pia kitambaa kikubwa chenye picha, kinachofunika altare au kukaa karibu nayo hadi Pasaka. Ni desturi ya zamani sana, na Misereor waliifufua mwaka 1976 kwa kitambaa kilichochorwa na msanii wa Kihindi, Jyoti Sahi. Tangu hapo wasanii wa nchi mbalimbali wamechora vingine.

Sasa fikiria umekaa pale, mweusi peke yako kwenye benchi, na bango la sadaka lina sura inayofanana na ya shangazi yako. Watu wanakutazama kwa upole fulani hivi. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama tuna maji safi kwetu, bahasha yake ikiwa mkononi. Nilimjibu kwamba mengine safi, mengine si safi, kisha nikatia bahasha yangu kikapuni mbele yake. Sikufanya hivyo kumkomoa. Nalipwa mshahara hapa, nakatwa kodi hapa, nafunga hapa. Kujinyima si kazi ya mzungu wala kupokea si kabila langu. Ila kwa kweli, uso wake ulibadilika, na nilifurahi zaidi kidogo kuliko inavyofaa wakati wa toba.

Kuna mfungo mwingine mkubwa, wa wasiokanyaga kanisani. Waprotestanti wana kampeni ya wiki saba ya kuacha kitu, iliyoanzia Hamburg mwaka 1983, na siku hizi imesambaa hadi kwa wasioamini chochote. Kazini huyu kaacha bia, yule sukari, mwingine simu baada ya saa mbili usiku. Wanatangaza, wanaulizana maendeleo, wanashikilia kwa nidhamu ambayo ningeiombea jumuiya zetu. Ninachokikosa hapo ni toba. Ukimuuliza kwa nini, atakuambia ini lake linapumzika. Sawa, ini nalo ni kiumbe cha Mungu. Lakini mfungo ambao hujamkosea mtu yeyote, wala huna wa kumrudishia chochote, umekatwa kichwa.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza Machi mosi na majivu yakaangukia Machi 5. Kwenye chumba cha mapumziko, dada wa Kituruki ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote. Swali lake lilikuwa moja: na maji mnakunywa? Nikasema tunakunywa. Akatikisa kichwa kwa huruma, tukaendelea na kazi.

Kuungama ndiko kugumu. Parokia nyingi zina ibada ya toba ya pamoja kabla ya Pasaka: masomo, ukimya, maswali ya dhamiri, baraka, watu wanaondoka. Ni ibada nzuri, lakini haishiki nafasi ya kitubio chenyewe, yaani kuungama dhambi kwa padri. Foleni ya kitubio utaikuta kanisa kuu la mjini, au kwenye misa za Wapolandi, na humo wageni tumejaa. Kama Kijerumani chako hakijafika kwenye dhambi, mwambie padri mwanzoni. Wengi wanajua Kiingereza, na siku moja nilisikilizwa na mzee aliyewahi kuwa mmisionari, aliyenijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Wadogo zangu mnaofanya zamu mmeniuliza namna ya kufunga usiku ukiwa unanyanyua wagonjwa. Paroko wangu alinijibu bila kuzunguka: aliye kwenye kazi nzito ale, asimwangushe mgonjwa kwa ajili ya Mungu. Kwa Ijumaa za kawaida, maaskofu wa huku wanaruhusu kuacha nyama kubadilishwe na tendo jingine la toba au la huruma. Mimi Ijumaa nachukua chumba ambacho kila mtu anakikwepa, cha yule babu anayetukana, na simsimulii mtu kwenye kikao cha kukabidhiana zamu.