Msamiati upo, ufahamu haupo: Kiingereza kwa mwanafunzi Mchina

Mwanafunzi wa China anayejiandaa na gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, hubeba takriban maneno 3,000 ya Kiingereza kichwani, na bado aya moja humshinda. Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni muundo wa sentensi.

Sisi husema "kitabu nilichonunua jana", jina likitangulia, na Kiingereza hufanya hivyohivyo. Kichina huweka maelezo yote kabla ya jina. Isitoshe, vitenzi vyake havibadiliki umbo kulingana na wakati. Chukua sentensi hii: "The method used in schools failed." Wengi huona "used" wakadhani ndicho kitenzi kikuu, kisha "failed" inawaacha njia panda. Dawa yake ni kalamu: pigia mstari kitenzi kikuu, zungushia kiima chake, halafu weka mabano kwenye maelezo yaliyobaki. Sentensi tano ndefu kwa siku zinatosha, mradi zifanywe kila siku.

Kuhusu msamiati, achana na orodha za kialfabeti. "Adapt" na "adopt" zikijifunzwa pamoja huchanganyana. Chagua matini yenye maneno mageni yasiyozidi mawili katika kila mia. Soma mara ya kwanza bila kamusi, kisha nakili maneno manane pamoja na sentensi zake, uyarudie kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki.

Kwenye maswali ya kuchagua, jihadhari na jibu linalorudia maneno ya kifungu yaleyale. Mara nyingi huo ni mtego; jibu sahihi huwa limesema jambo hilohilo kwa maneno mengine.