Nilivyopata leseni ya ajenti wa bima nikiwa hapa hapa Lamu

Vijana wa Mokowe na Hindi, huku Lamu bara, wananiuliza hii kitu kila siku, wacha niandike yote hapa.

Mimi nilikuwa na kibanda cha M-Pesa karibu na jeti ya Mokowe, na wateja wangu wengi ni watu wa bodaboda. Kuna kijana wa steji yetu aligonga mzee akamvunja mguu, kwenda kufuatilia bima ikaonekana ile stika yake ya bima haiko kwa kampuni yoyote, pesa alichukua mtu aliyekuwa akijiita ajenti na hana leseni, simu ndio hapokei tena. Pikipiki ikauzwa kulipia matibabu, kijana akabaki hana kazi na mzee bado anachechemea. Iliniuma sana wallahi. Nikasema hapa lazima kuwe na mtu wa bima ambaye watu wanamjua mpaka kwao, na karatasi zake ziko sawa.

Sasa utaratibu wenyewe. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inakataza mtu kufanya uajenti bila kusajiliwa na IRA, yaani ile mamlaka inayosimamia bima. Na njia ya kawaida ya kufika IRA ni kupitia cheti kinaitwa COP (Certificate of Proficiency), yaani cha kuonyesha umefaulu masomo ya bima, kinatolewa na College of Insurance, iko South C Nairobi. Halafu lazima upate kampuni ya bima ikubali uwe ajenti wake. Ukishakuwa na hivyo viwili ndio unaomba usajili kwa mtandao. Ada sitaki kutaja, ulizeni wenyewe chuo na IRA msije mkategemea bei ya zamani.

Kusoma ndio kazi. Nilikuwa nafunga kibanda baada ya boti za mwisho, nasoma usiku, asubuhi kile nilichosoma nakijaribu na watu wa steji. Hapo ndipo mambo yaliniingia. Mfano ile kanuni ya kusema ukweli wote kabla ya kukata bima, kwa kitabu ni mistari michache tu, lakini nilipomuuliza jamaa mmoja pikipiki yake ameikatia bima gani akanitolea cheti, nikasoma sehemu ya matumizi imeandikwa ni ya binafsi. Na huyu kutwa anabeba abiria kutoka jeti kwenda Hindi! Alichagua hiyo kwa sababu ni rahisi, hakuna aliyemwambia kwamba abiria akiumia kampuni inaweza kumgeuka. Tulikaa chini ya mti nikamwelezea pole pole, wenzake wakasogea, kila mtu akatoa cheti chake tukaanza kukagua kimoja kimoja. Siku hiyo nilielewa matumizi ya chombo kuliko usiku wote niliokesha. Hapo pia niliwaambia kitu wengi hawakijui, kwamba hata hiyo bima ya lazima ya Sura ya 405, ile ya kulipa watu unaowaumiza barabarani, ina kikomo, shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja, zaidi ya hapo mahakama ikiamua utalipa mwenyewe.

Fidia nayo nilijifunzia kwa ami yangu, ana mashua ya injini. Akaniuliza, "Ikizama kesho wanipa bei ya injini mpya?" Nikamwambia hapana ami, kwa kawaida bima inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, injini imetumika miaka basi na thamani yake imeshuka, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Hakufurahi lakini alinishukuru kwa kumwambia mapema, na mimi naona hapo ndio uajenti ulipo, mtu asikie habari mbaya kabla hajalipa, sio siku ya kudai.

Mtihani nilienda kufanya Nairobi, basi kutoka Mokowe mpaka Mombasa, nikalala kwa khalati, kisha nikaendelea. Kama umesoma kwa kuelewa hautakushinda, kinachochosha ni safari. Kampuni niliyoenda ilitaka pia good conduct, yaani cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, hiyo ombeni mapema kwa sababu mambo ya alama za vidole yanaweza kuchukua muda.

Leseni ikatoka. Nikadhani kazi ngumu imeisha, kumbe hapa Amu, mjini Lamu, kuna swali ambalo mtihani haukuwa nalo. Nimekaa uwanja wa Mkunguni, maalim mmoja ninayemheshimu sana akaniita, tukaamkiana, akasema, "Mwanangu, hii bima yako haina kamari ndani yake? Haina riba?" Sikutaka kubishana na mtu mzima na swali lake ni la haki kabisa. Nikamweleza kwamba kuna bima ya kawaida, unalipa kampuni ibebe hasara na faida ni ya wenye kampuni, na kuna takaful, ambayo watu wanachanga kwa mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, msimamizi analipwa kwa kazi yake, pesa haiwekezwi kwenye riba, na ikibaki ziada inaweza kurudi kwa waliochanga. Kenya kuna kampuni ya takaful tangu 2011. Akaniuliza, "Na huo mfuko nani anauangalia?" Nikamwambia kuna masheikh wanaokagua upande wa sharia na IRA upande wa serikali. Akanyamaza kidogo akaniambia nimletee karatasi asome mwenyewe. Nilimpelekea, na sasa akiulizwa na watu huwa anawatuma kwangu waje wasikie.

Mengine ni madogo ila yana maana. Leseni inaisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, hata kama uliipata Oktoba, kwa hiyo mimi Novemba naanza kushughulikia ya mwaka unaofuata. Pesa ya mteja siipitishi kwa simu yangu, analipa paybill, yaani namba ya malipo ya M-Pesa, ya kampuni moja kwa moja nikiwa nimesimama hapo, manake sheria inasema kampuni haibebi hasara mpaka premiamu, yaani pesa ya kulipia bima, iwafikie. Na nyinyi mnaokata bima, mkija kwangu au kwa ajenti yeyote, mwambieni awaonyeshe leseni ya mwaka huu, kisha jina lake mlitafute kwa orodha ya IRA kabla hamjatuma hata shilingi.