Siku moja kitaluni Bamburi, na mgomba ulio London

Saa 12 asubuhi. Nafungua kitalu changu kando ya barabara. Vuli imeanza, kwa hivyo leo sinyweshi. Nakagua tu viriba vya miche visituame maji.

Saa 3. Mama mmoja wa Kisauni anachukua miche ya migomba, mzuzu na mkono wa tembo. Namwambia: shimo pana na samadi, basi. Baridi si tatizo: Mombasa hata Julai, usiku joto huwa kama nyuzi 20 hivi.

Saa 5. Nang'oa machipukizi. Nikilikata gogo la mgomba, maji yanachuruzika hadi kiwikoni. Gogo hilo si mti, ni sehemu za chini za majani zilizofumbatana tabaka kwa tabaka, zimejaa maji. Maji hayo yakiganda, chembe hai hupasuka na mmea hugeuka mweusi.

Saa 9 alasiri, London saa 6 mchana. Dadangu anapiga simu: utabiri unasema usiku kutakuwa na jalidi, baridi ya kugandisha. Anga wazi, upepo umetulia. Joto la ardhi litapaa angani. Ana mgomba wa Kijapani, Musa basjoo, ambao asili yake ni China. Ndizi zake hazilwi, lakini anaupenda, nami nauhofia kama wangu.

"Kata majani yote."

"Yote, kaka?"

"Yatakufa tu, dadangu. Tunalinda tunguu lililo ardhini na moyo ulio ndani ya gogo."

Azungushe wavu wa waya, ajaze nyasi kavu bila kushindilia, kwa sababu hewa iliyonaswa mle ndiyo inayozuia baridi. Shinani atandaze nyasi unene wa shibiri. Alitaka kulifunga gogo lote kwa nailoni, nikamkataza kabisa. Unyevu ukikosa pa kutokea, gogo litaoza, na kuoza nakuogopa kuliko baridi yenyewe. Nailoni iwe juu tu, kama kofia, mvua isiingie.

Mgomba wake wa kisukari ulio kwenye chungu hauna ubishi: uingie ndani, karibu na dirisha lenye mwanga. Chini ya nyuzi 14 hivi hukoma kukua, kwa hivyo upewe maji kidogo sana.

Saa 12 jioni. Picha zimefika. Naona pengo juu, moyo uko wazi. Aongeze nyasi kabla giza halijaingia.

Saa 2 usiku. Auliza atafungua lini. Asidanganywe na siku mbili tatu za jua, maana jalidi huweza kurudi hata Aprili. Angoje Mei, kisha aondoe nyasi kidogo kidogo.