Siku moja na kirikuu yangu, kutoka Kimanga hadi Posta

Saa 10:40 alfajiri

Kabla ya chai, naamsha kiti. Kwa ambaye hajawahi kumiliki Suzuki Every, injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukitaka kuikagua unaanza na kiti. Oili iko kwenye alama, kulanti, yale maji ya kupoza injini, ipo. Nashusha kiti, naenda kunywa chai.

Mtaani tunaiita kirikuu, kama ndugu yake Carry mwenye bodi wazi. Injini ni K6A, cc 658. Upana wa gari zima ni mita 1.475 na urefu haufiki mita 3.4, kwa sababu Wajapani wana daraja la magari madogo ambalo sheria imeliwekea mipaka, na injini isizidi cc 660. Ndani ya mipaka hiyo wamebana kila sentimita wakatoa boksi lenye milango miwili ya kuburuza na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu.

Mimi ni fundi wa AC na mafriji. Nilipokuwa natafuta gari, nilitaka toleo la chini kabisa: vioo vya kuzungusha kwa mkono, gia za mkono, kuta za ndani zikionyesha bati tupu. Madalali walinishangaa, wakawa wananivutia zile zenye viti vya kitambaa kizuri na kuta zilizovikwa plastiki. Sasa plastiki ile si ningeibandua wiki ya kwanza? Bati tupu ndilo nililolihitaji, maana kwenye kuta hizo kiwanda kimeacha matundu yenye nati tayari, za boliti ya spana namba 10. Kila nilichoongeza kwenye gari hili kimefungwa humo. Hakuna tundu jipya hata moja, na sitoboi ng'o. Dar upepo wa bahari unakula bati, tundu la leo ni kutu ya kesho kutwa.

Saa 12:05 asubuhi

Binti yangu anapanda nyuma na begi lake. Kiti cha nyuma cha hizi gari ni chembamba kweli, lakini sikukitoa. Kadi ya gari inaonyesha idadi ya viti, na ukibadilisha mambo ya namna hiyo lazima TRA wajue. Zaidi ya hapo, nani atampeleka mtoto shule?

Nyuma yake kuna wavu wa chuma, ule wa kujengea vizimba vya kuku. Una ndoano nne. Asubuhi unakaa nyuma ya mgongo wa kiti chake ili bomba la shaba lisije likamfikia nikikanyaga breki ghafla. Akishashuka, nakunja kiti, nauhamishia wavu nyuma ya viti vyetu vya mbele, natandika kipande cha marine, ile plaiwudi ngumu, juu ya kiti kilichokunjwa, na gari la familia limekuwa gari la kazi. Dogo ninayefanya naye kazi anaimaliza shughuli hiyo kabla geti la shule halijafungwa.

Binti ana taa yake juu ya dirisha, na swichi anaimiliki yeye. Anamalizia homuwaki mle ndani, jambo ambalo mama yake hapaswi kulijua.

Saa 1:20 asubuhi

Mandela Road. Malori ya bandarini kushoto, malori kulia, sisi katikati na tairi zetu za inchi 12.

Hapa ndipo hoja ya kulanti inapoingia. Injini imekaa chini ya viti, rejeta iko mbele kabisa, maji yanasafiri safari ndefu kwenye mipira. Kwenye foleni isiyosogea hakuna upepo wa kusaidia. Gari langu halina mshale wa joto, lina taa tu, na taa nyekundu ikiwaka habari imeshakuwa mbaya. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nilichoongeza, kabla ya rafu, kabla ya taa, ni kipimo cha joto chenye namba. Fundi umeme alikifunga kando ya usukani kwa muda wa soda moja. Watu wanaanza na rimu na stika ya kioo cha mbele. Mimi nasema anza na joto. Na usijaze maji ya bomba kwenye rejeta, yanaila kwa ndani.

Karibu na Ubungo afande ananyoosha mkono. Leseni, kadi, bima, mtungi wa zimamoto, pembetatu. Mtungi uko mlangoni kwa abiria, umefungwa kwa mkanda, dogo anautoa bila kushuka. Afande anachungulia nyuma, anauliza, "Hili dumu la nini?" Namwambia ni droo. Anacheka, anaturuhusu. Tunapita kwenye madaraja ya Kijazi, tunashika Sam Nujoma kuelekea Mwenge.

Saa 2:50 asubuhi

Mikocheni, nyumba ya mama mmoja mtu mzima, AC nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ile ya chumbani inanimwagia maji kitandani."

Natinga kirikuu kinyumenyume hadi kibarazani. Mlango wa nyuma ukiinuliwa juu unakuwa paa, jua au mvua. Chini yake ndiyo karakana yangu.

Ngoja niieleze. Sakafu ni marine ya milimita 12, vipande viwili, juu yake mpira mweusi. Kipande cha nyuma kimefungwa kwenye matundu ya zile ndoano za kufungia mzigo. Upande wa kushoto kuna rafu ya ghorofa tatu, inaanzia juu ya tairi na kuishia pale mgongo wa kiti unapoinukia, haizidi hapo. Mbao nililetewa na seremala wa Keko, akakata kufuata mkunjo wa ukuta, kwa maana ukuta wa gari hauna mstari ulionyooka.

Droo zenyewe ni madumu ya mafuta ya kupikia, lita tano. Unalilaza dumu, unakata ubavu wa juu, unaacha mshikio na mdomo vitazame nje. Ukivuta mshikio, linakuja. Kwenye kizibo nimeandika kwa maka peni kilichomo: nati za shaba, tepu, kapasita. Kizibo chekundu ni vitu vya umeme, cha njano ni vya bomba. Dumu likipasuka, jirani yangu muuza chipsi ana mengine. Nimeona masanduku ya plastiki ya kununua, mazuri, yana vifuniko vinavyong'aa. Yanapigiana kelele barabarani na bei yake inatosha mtungi wa gesi.

Upande wa kulia hakuna kitu. Kila fundi anayeingia humu ananiuliza mbona sijaweka rafu na huku. Huku panaingia ile mashine ya nje ya AC ikiwa imesimama wima, panaingia friji la mteja, pampu ya kuoshea na beseni. Jumapili panaingia magodoro tukienda Bagamoyo. Nikijaza rafu pande zote mbili nitakuwa na stoo inayotembea, siyo gari.

AC ya chumbani ilikuwa imeziba bomba la kutolea maji kwa ule ute mweusi. Tumeipuliza, tumeosha zote nne. Moja ya sebuleni kompresa yake haikuwa inaamka. Nimepima, kapasita imekufa. Dogo amevuta kizibo chekundu, maikrofaradi 35, dakika kumi ikawaka. Miaka ile nikitumia bodaboda, hapo ningesema "mama, nitarudi kesho na spea".

Saa 6:15 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie, chini ya mwembe. Kirikuu nayo nimeipa kivuli, wateja wengine wakae juani.

Joto ndilo adui wa gari la bati tupu Dar es Salaam. Nabeba mitungi mitatu ya gesi za AC: R22, kwa sababu majumba mengi bado yana AC za zamani ingawa gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, R410A, yenye presha kubwa zaidi, na R32, inayoweza kushika moto. Mitungi hii kwa kawaida imeandikwa isifikie nyuzi 52. Gari lililofungwa vioo juani mchana wa Februari halichukui muda kusogelea huko. Ndani ya paa nimebandika foili, ile ya kuwekwa chini ya mabati ya nyumba, na rangi ya gari ni nyeupe. Vinasaidia. Ila tukisimama muda mrefu mitungi inashuka, inakaa kivulini na dogo anakaa nayo. Foili haina miujiza.

Saa 7:40 mchana

Tunaenda Posta kupitia Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe mwaka 2022 limenipunguzia njia, ila gari jembamba hivi na refu kwenda juu linajua upepo wa bahari. Ngazi ikiwa juu ya keria, usukani unavutwa. Napunguza mwendo, wenye haraka wapite.

Kuna vijana wamenishauri niiinue kwa spesa ipite kwenye mashimo. Gari lenye upana wa mita moja na nusu kasoro, uliinue tena? Likipinda kona na mitungi ndani utanitafuta pembeni ya barabara. Shimo unalikwepa, na kirikuu ndiyo gari la kukwepea.

Mjini inajilipa kwa maegesho. Inakaa kati ya nguzo mbili mahali ambapo Noah ilijaribu ikaondoka. Ada ya maegesho nalipa kwa simu, tunapanda ghorofa ya tatu na begi moja tu. Kazi ya ofisi ilikuwa ndogo, siwachoshi nayo.

Saa 9:30 alasiri

Gerezani, kwa fundi wa kuchomelea. Keria imeanza kulia upande wa kushoto.

Anaizunguka mara mbili, anagonga kwa nyundo, anatoa hukumu: "Hii tuichomelee moja kwa moja kwenye paa, bosi. Haitalia tena maisha."

"Hapana kaka. Inakaa kwenye mfereji wa paa, inabanwa kwa boliti. Jumapili natoa."

"Kwa nini utoe?"

"Inakula mafuta, na wikendi sibebi ngazi."

Ananitazama kama mtu asiyejua raha. Tumeelewana: amechomelea miguu mipya kwenye keria yenyewe, ikiwa chini, mbali na gari, akaweka vipande vya mpira wa tairi mahali inapokutana na bati. Elfu kumi na tano. Nimesimama karibu muda wote, kwa sababu ukimuacha fundi wa Gerezani na gari lako anaweza kukufanyia wema ambao hukuuomba.

Saa 11:50 jioni

Uhuru Road, Buguruni, Mandela. Foleni tu. Kipimo kimepanda kidogo, kimetulia. Betri za drili zinachajiwa kwenye inveta ndogo ambayo dogo anaiwasha injini ikiwa inazunguka tu, maana altaneta ya hizi gari ni ndogo na betri yake ni ndogo. Waya wa inveta una fyuzi yake mwanzoni kabisa, pale unapotoka kwenye betri. Fyuzi ikikaa mwishoni, waya ukichunika katikati hakuna cha kuuzima.

Saa 1:30 usiku

Jirani ananisubiri getini. Ana ujenzi Segerea, anaomba kesho nimbebee saruji, "mifuko kumi na miwili tu, si gari tupu hilo".

Uzito wa mzigo kiwandani ni kilo 350 mkiwa wawili mbele, na unashuka zaidi mkikaa wanne. Mifuko ya kilo 50 ni saba, na hapo niwe nimeshusha rafu na mitungi. Rafu inatoka, boliti sita, ndiyo faida ya kutochomelea. Nimemwambia saba, na mitano iliyobaki keshokutwa. Amenuna kidogo, lakini amekubali. Mafuta ya kwake.

Saa 3:10 usiku

Ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu, fundi umeme wa Mbagala. Ametoa kirikuu yake bandarini, anataka "kama ile yako", aanzie wapi.

Nimemjibu atumie gari likiwa tupu kwa mwezi mzima kwanza, aone mkono wake unakwenda wapi akihitaji kitu. Rafu ya fundi umeme haiwezi kufanana na yangu, yeye ana rola za waya. Aweke kipimo cha joto kabla ya kila kitu. Na yeyote atakayeshika drili karibu na sakafu, alale chini kwanza aone tangi la mafuta na mabomba yake yanapita wapi.

Akauliza kuhusu rimu. Nikamwambia tairi za kiwandani ni 145R12 za kubebea mzigo, aziache hizo hizo, zile pana za gari ndogo zitampendezesha na kumpasukia. Akauliza na muziki nao je, auache? Muziki aweke. Redio ya kiwandani ukishaingia gia ya nne unasikia injini tu.