Kumbukumbu ya mradi: RAID 1 kwenye seva yetu ya fayawoli, Katuba

Ile seva ya fayawoli (kompyuta inayochuja na kulinda mtandao wetu hapa Katuba, Lubumbashi) niliyoanza kuijenga kipindi cha baridi sasa imefika pale nilikuwa naitaka toka mwanzo, disiki mbili ndani, zote zinaandika kitu kile kile, moja ikikufa ingine inaendelea, hiyo njo RAID 1. Naweka hapa namna nilifanya, maana maelezo mengi yanaishia pale mdadm, programu ya Linux ya kujenga RAID, inasema imemaliza, na kwangu mimi hapo njo kazi inaanza.

Kwa wasiofuata tangu nyuma: ni mashini ya zamani ya ofisi, Dell OptiPlex ya Core 2 Duo, RAM 4 GB, kadi mbili za mtandao, moja inaenda kwa modemu ingine kwa swichi. Juu yake kuko Debian, nftables inachuja na kufanya NAT (vifaa vyote vinatoka nje kwa anwani moja), dnsmasq inagawa anwani na kujibu DNS (kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Nyuma yake kuko nyumba nzima pamoja na sekretaria (duka la kuchapisha) ya yaya, ndugu yangu mkubwa, pale mbele ya parsele, wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, wanaleta TFC na memwari zao (kazi za kumaliza masomo) kuchapisha, na wengi wanatuma faili kwa imeili au WhatsApp, kwa hiyo fayawoli ikilala, yaya naye analala njaa siku hiyo, si maneno ya kuchezea.

Na huku Lubumbashi kinachoua disiki tunakijua. Mvua ikianza, Novemba mpaka Machi huko, radi na umeme vinashindana, unakatika, unarudi, unakatika tena kabla mashini haijamaliza kuwaka. Ondileri (kifaa cha betri cha kushika umeme ukikatika) ninayo lakini betri yake inashika dakika chache tu. Disiki ya kwanza ilikuwa ya 80 GB, smartctl, programu ya kupima afya ya disiki, ikinionyesha Power_On_Hours (saa ilizowaka) imepita 40 000, mstari wa 5 na wa 197, ile ya sehemu mbovu za disiki, bado sifuri, yaani nzima lakini mzee. Nikapata ya pili, 160 GB, ya mutumba vilevile, nikaipima kwanza kwa smartctl -t long kabla ya kuiamini.

Swali mtu ananiuliza: BIOS (programu ya ubao inayowasha mashini) ya mashini zingine iko na RAID yake, kwa nini usitumie hiyo? Sababu ile inaweza kukufunga kwenye ubao ule. Ubao ukiungua hapa mjini utapata wapi mwingine wa namna ile ile? Na mdadm alama zake zinakaa ndani ya disiki zenyewe, unachomoa disiki, unaipeleka kwenye mashini yoyote yenye Linux, inasomeka. Kwa mazingira yetu mimi naona hiyo peke yake inatosha kuchagua.

Sikutaka kuinstali upya, fayawoli ilikuwa tayari inatumika. Kwa hiyo nikajenga RAID ikiwa nusu, juu ya disiki mpya peke yake, nikiacha nafasi ya mwenzake wazi:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 missing /dev/sdb1

Hilo neno missing, yaani disiki ya pili bado haipo, njo linafanya kila kitu kiwezekane. Angalia tu ukubwa: patisheni (vipande vya disiki) za disiki kubwa zisizidi kile disiki ndogo inaweza kubeba, na hata disiki mbili zilizoandikwa 80 GB zote zinaweza kupishana kidogo, kwa hiyo nikaacha nafasi mwishoni. Halafu md1 kwa ajili ya swap (sehemu ya disiki inayosaidia RAM), ndiyo, swap nayo iwe kwenye RAID, sababu ikiwa iko kwenye disiki moja na hiyo disiki ikufe mashini ikiendesha, programu zilizokuwa humo zinaanguka na ile RAID yako ya mafaili haikusaidii kitu. Nikanakili mfumo wote kwa rsync -aAXHx, nikabadilisha fstab (orodha ya disiki za kufungua), nikaingia ndani ya mfumo mpya kwa chroot, nikaandika matokeo ya mdadm --detail --scan ndani ya mdadm.conf, update-initramfs -u ili mfumo uijue RAID wakati wa kuwaka, GRUB (programu inayowasha Linux) kwenye sdb. Nikawasha kutoka disiki mpya, ikasimama. Hapo tu njo nikagusa ile ya zamani, nikaipa patisheni sawasawa na za mwenzake, mdadm --add, /proc/mdstat ikaanza kuhesabu, karibu megabaiti 60 kwa sekunde, dakika kama ishirini nikaona [UU], yaani disiki zote mbili ziko ndani.

Yaya akapita akaniuliza, "Imeisha?" Nikamwambia bado yaya, sasa nataka kuiharibu makusudi. Akasema, "Kama njo hivyo ngoja nichapishe ya huyu mtoto kwanza." Nikangoja.

Kabla ya kuharibu, jambo la bitmap. Hii kila mtu wa mji wa umeme wa kukatika aishike. Umeme ukienda katikati ya kuandika, RAID ikirudi haijui wapi disiki mbili zimepishana, inalinganisha zote toka mwanzo mpaka mwisho, na umeme ukikatika tena katikati ya hiyo kazi, disiki za mutumba zinateseka bure. Bitmap inaweka alama ya sehemu zilizokuwa zinaandikwa, basi inapitia hizo tu, sekunde chache. mdadm inaiweka yenyewe patisheni za RAID zikiwa kubwa, za kuanzia 100 GB, chini ya hapo haiweki, na zangu ziko chini, sababu disiki ndogo ni ya 80 GB:

mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0

Sasa jaribio. GRUB lazima iwe kwenye disiki zote mbili, dpkg-reconfigure grub-pc, unatia alama kote, maana RAID inanakili patisheni, ile sehemu ya mwanzo kabisa ya disiki ambayo BIOS inaisoma hainakiliwi. Watu wanakaa miaka na RAID nzuri kabisa halafu disiki ya kwanza inakufa na mashini haiwaki, data yote iko salama kwenye ya pili lakini mlango hakuna. Nikazima, nikachomoa kebo ya SATA ya kwanza, nikawasha. Ilikawia kidogo ikitafuta mwenzake, halafu ikaingia, [_U], yaani moja haipo, sheria za nftables zote mahali pake, simu za nyumbani zikapata anwani.

Nikazima, nikarudisha kebo. Hapa usikimbilie. Disiki iliyorudi iko nyuma ya mwenzake, kerneli inaandika "kicking non-fresh" na kuiacha nje, ni wewe unairudisha kwa mdadm --re-add, na kwa ile bitmap inakopi tu kilichobadilika. Ngoja [UU] ndipo uchomoe ya pili, ukichomoa mapema unawasha mashini kwa disiki yenye habari za zamani. Nilingoja, nikachomoa ya pili, ikawaka vilevile.

MAILADDR, anwani ya imeili ya kupokea onyo, nimeijaza, mdadm --monitor --scan --oneshot --test ikaleta ujumbe kwenye simu yangu na ya yaya, kwa sababu RAID iliyobaki na disiki moja inafanya kazi kimya kabisa na bila ujumbe hutajua mpaka ile ingine nayo iende. Na /etc yote inakopiwa kwenye flashi kila wiki, maana nikifuta nftables.conf inafutika kwenye disiki zote mbili papo hapo.

Kinachofuata ni ondileri, betri mpya, na kuiunganisha na apcupsd, programu ya kufuatilia ondileri, ili mashini ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Kebo ya USB ya kuiunganisha bado naitafuta mjini.